The Villages, Florida: Mji wa Wastaafu Usiokoma Kukua

Waafrika Mashariki walioingia Marekani katika miaka ya 1980 na 1990, wakafanya kazi hospitalini, viwandani na maofisini mpaka mvi zikawatoka, sasa wanaulizana mahali pa kustaafia. Wapo walioamua kurudi Moshi, Kisumu au Mombasa, na wapo ambao matibabu ya Medicare, bima ya afya ya serikali kwa wazee, na wajukuu waliozaliwa huku vimewafunga miguu. Kwa hawa wa pili, jina la The Villages, mji ulio katikati ya jimbo la Florida, mwendo wa saa moja na kidogo kwa gari kutoka Orlando, halikosi kutajwa. Nimekuwa mgeni wa wenyeji huko kwa vipindi tofauti, nimesoma mikataba yao kwa ruhusa yao, na nimesikiliza mabishano yao kuhusu ukuaji wa mji wao, hivyo naandika tathmini hii kwa ajili ya yeyote anayefikiria kutia kiinua mgongo chake pale. Maoni yangu ni kwamba huduma zilizo ndani ya mji huo ni bora kuliko za miji mingi ya Marekani yenye ukubwa kama wake, lakini mnunuzi ananunua deni pamoja na nyumba, na anaingia katika mji ambao uamuzi wa kuendelea kukua haumo mikononi mwa wakazi wake.

Mji huu haukuanza na mpango mkubwa. Harold Schwartz alikuwa mfanyabiashara aliyeuza viwanja vya Florida kwa njia ya posta, hadi sheria ya serikali kuu ya mwaka 1968 ilipoibana biashara hiyo. Akabaki na ardhi, na katika miaka ya 1970 akaigeuza kuwa makazi ya nyumba za kuhamishika yaliyoitwa Orange Blossom Gardens. Biashara ilisuasua, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nyumba zilizokuwa zimeuzwa zilikuwa mia kadhaa tu, ndipo Schwartz akamwita mwanawe, H. Gary Morse, na wawili hao wakaanza kutoa vitu ambavyo wastaafu wa kipato cha kati walidhani ni vya matajiri: gofu bila malipo ya mlangoni, mabwawa ya kuogelea, kumbi za burudani. Jina la The Villages lilianza kutumika mwaka 1992. Wote wawili wameshafariki, lakini kampuni bado imo katika familia ya Morse, na jambo hilo lina uzito mkubwa katika yote nitakayoeleza hapa chini.

Kati ya sensa ya 2010 na ile ya 2020, eneo la kitakwimu linalobeba jina la mji huu, ambalo ni Kaunti ya Sumter, liliongezeka watu kwa asilimia 39, kutoka takriban 93,000 hadi karibu 130,000. Hakuna eneo jingine la mji na vitongoji vyake nchini Marekani lililokua kwa kasi hiyo katika muongo huo. Ujenzi umeendelea kuelekea kusini, ukavuka barabara ya jimbo namba 44, ukavuka barabara kuu ya kulipia ya Florida's Turnpike, ukaingia katika mipaka ya Wildwood na Leesburg. Leesburg yenyewe, mji uliokuwa mdogo na mtulivu, iliongezeka watu kwa asilimia 18.5 katika mwaka mmoja ulioishia Julai 2024.

Nianze na kinachostahili sifa. Mgeni anayefika kwa mara ya kwanza huvutwa na vigari vya gofu, na wengi huviona kama mchezo wa wazee. Ukikaa siku chache unatambua kwamba vigari hivyo ni mfumo kamili wa usafiri. Njia zake zina urefu wa zaidi ya maili mia moja, zimejengewa vivuko vya chini kwa chini pale zinapokutana na barabara kubwa, na madaraja pale zinapokutana na barabara kuu za jimbo na za taifa. Nakumbuka bibi mmoja wa miaka themanini na kitu, ambaye daktari alikuwa ameshamkataza kuendesha gari usiku, akinipakia katika kigari chake asubuhi kwenda kununua dawa. Tuliteremka katika kivuko chembamba chenye taa, magari yakinguruma juu ya vichwa vyetu, tukatokea upande wa pili katikati ya nyasi zilizokatwa vizuri, na mpaka tunafika dukani hatukuwa tumekanyaga barabara kubwa hata mara moja. Kwa mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa, mtu ambaye katika mji mwingine wowote wa Florida angekuwa mfungwa wa nyumba yake anaendelea kujitegemea. Katika nchi ambayo kutoendesha gari ni sawa na kukatwa miguu, jambo hili peke yake linatosha kueleza kwa nini watu wanamiminika.

Viwanja vya mjini navyo vimepangwa kwa akili. Spanish Springs, Lake Sumter Landing na Brownwood kila kimoja kina maduka, mikahawa na jukwaa ambako muziki hupigwa jioni bila kiingilio, na watu hubeba viti vyao vya kukunja wakakaa mpaka muziki unapokwisha. Viwanja vya gofu ni zaidi ya hamsini, na vile vidogo mkazi huvitumia bila kulipia kila anapocheza. Muhimu zaidi, vitu hivi hutangulia au hufuatana na nyumba. Mtu anayehamia katika mtaa mpya hukuta barabara ya lami, mfereji wa maji ya mvua, bomba la majitaka, kituo cha masanduku ya barua na bwawa la kuogelea vipo au vinamaliziwa. Sisi tuliotoka katika miji ambako watu hujenga kwanza, halafu wakaisubiri barabara miaka ishirini, tunajua thamani ya mpangilio huo.

Swali linalofuata ni nani aliyelipia. Hapa ndipo nawaomba wasomaji wangu wasome polepole, kwa sababu wauzaji hupita hapa haraka. Florida ina sheria ya mwaka 1980 inayoruhusu kuundwa kwa wilaya za maendeleo ya jamii, vyombo vyenye baadhi ya mamlaka ya serikali za mitaa, vinavyoweza kukopa kwa kuuza hatifungani ili kujenga barabara, mabomba na mifereji kabla wakazi hawajafika. Deni hilo hugawanywa kwa viwanja. Ukinunua nyumba mpya, fungu lako la deni linakaa juu ya nyumba na huonekana katika bili ya kodi ya kila mwaka, likiwa na riba, kwa muda unaoweza kufika miaka thelathini. Katika mitaa ya karibuni fungu hilo ni makumi ya maelfu ya dola juu ya bei uliyoiona katika tangazo. Unaruhusiwa kulilipa lote kwa mkupuo. Mbali na hilo kuna tozo ya matengenezo ya wilaya kila mwaka, na kuna ada ya huduma za burudani kila mwezi, ambayo kwa mikataba ya miaka ya karibuni ni karibu dola 200 na hupandishwa kwa kufuata gharama za maisha. Na kodi ya majengo ya kaunti iko palepale. Nimeona bili ya mwenyeji wangu mmoja ikiwa mezani, mistari yake imepangwa mmoja chini ya mwingine, na mstari wa deni la wilaya ulikuwa mkubwa kuliko alivyotarajia alipokuwa bado New Jersey akipiga hesabu za kuhama.

Mimi siuoni mfumo huo kuwa ni wizi. Miundombinu lazima ilipiwe na mtu, na ni haki kwa kiasi fulani kwamba anayehamia ndiye alipie barabara ya mtaa wake kuliko kumtwisha mkulima wa upande wa pili wa kaunti. Ninacholaumu ni namna kauli ya mkazi ilivyopangwa. Wilaya zenye namba, zile zenye nyumba za watu, mwanzoni huongozwa na wajumbe waliochaguliwa kwa kura za wenye ardhi, kura moja kwa kila ekari, na baada ya miaka sita na wapigakura kufikia idadi iliyowekwa, wakazi huanza kuchagua wajumbe wao. Hilo ni sawa. Lakini wilaya kuu zinazosimamia maeneo ya kati, ambazo ndizo zinazokusanya ada za burudani, hazina nyumba za watu ndani ya mipaka yake. Zina maduka na ofisi. Kwa hiyo wajumbe wake huendelea kuchaguliwa na wenye ardhi, ambao kwa sehemu kubwa ni kampuni na washirika wake. Mkazi analipa ada kila mwezi maisha yake yote, na hana kura katika chombo kinachoipokea.

Jambo hilo limeshafikishwa mbele ya vyombo vya juu. Mwaka 2008 kesi iliyofunguliwa na wakazi ilimalizwa kwa makubaliano yaliyoleta fedha za matengenezo na kuundwa kwa kamati ya wakazi yenye mamlaka juu ya huduma za burudani katika sehemu ya zamani ya mji. Mwaka huohuo Mamlaka ya Mapato ya Marekani ilianza kuchunguza kama hatifungani za wilaya ya kati zilistahili msamaha wa kodi, na mwaka 2013 wanasheria wake waliandika kwamba chombo kilichoundwa ili kisije kikawa chini ya wapigakura hakiwezi kuhesabiwa kuwa tawi la serikali. Hata hivyo, wilaya hiyo inaendelea na kazi kwa muundo uleule. Nimeshangazwa na idadi ya wakazi niliozungumza nao ambao hawajui lolote kuhusu historia hii, na sidhani kwamba ni uzembe wao. Mambo yakienda vizuri, nyasi zikakatwa na maji ya bwawa yakawa safi, nani atauliza wajumbe walichaguliwaje?

Waliuliza mwaka 2019. Mwaka huo makamishna wa Kaunti ya Sumter walipandisha kodi ya majengo kwa asilimia 25 kwa mkupuo mmoja, wakisema fedha zinahitajika kwa huduma na barabara za kaunti inayokua. Mikutano ilifurika. Wastaafu, ambao kwa kawaida huishi kwa pensheni isiyoongezeka kwa kasi ya bei, waliona kwamba wanalipia barabara za kufungulia ardhi mpya ya mwendelezaji, yaani kampuni ya familia ya Morse, wakati wao wameshalipia za kwao kwa hatifungani. Walihoji kwa nini tozo ambayo wajenzi hutoa kwa kila nyumba mpya ili kugharimia barabara ilikuwa ndogo kwa nyumba za wastaafu kuliko kwa nyumba nyingine za kaunti, hoja ya upande wa pili ikiwa kwamba wastaafu hawaendi kazini asubuhi, hivyo hawachakazi barabara sana. Katika uchaguzi wa mchujo wa chama cha Republican wa Agosti 2020, makamishna watatu waliotetea viti vyao waliangushwa na wagombea watatu walioungana kwa ahadi ya kuifuta nyongeza hiyo na kumbebesha mjenzi zaidi. Mwaka 2021, makamishna hao wapya walipokuwa katika harakati za kupandisha tozo za wajenzi, bunge la jimbo lilipitisha sheria inayoweka kikomo cha nyongeza za tozo hizo kote Florida na kuzilazimisha ziende hatua kwa hatua, na sheria ikarudishwa nyuma ifanye kazi tangu mwanzo wa mwaka huo. Wakazi walishinda kwenye sanduku la kura, lakini uwezo wa kutekeleza walichokipigia kura ukapunguzwa na watu wa Tallahassee, makao makuu ya jimbo.

Huo ndio msingi wa tathmini yangu, na ukiushika utaelewa kwa nini miundombinu ya ndani ya mji inang'aa na ile ya nje inahema. Cha ndani kinauza nyumba, kwa hiyo kinajengwa mapema. Cha nje kinategemea kaunti na jimbo, na wao hufuata nyuma ya ukuaji. Hospitali ya mji ilifunguliwa mwaka 2002, upande wa kaskazini ambako ndiko mji ulikokuwa. Tangu hapo nyumba zimesogea mbali kuelekea kusini, na kwa mzee mwenye maradhi ya moyo dakika za barabarani si jambo dogo. Mwaka 2021 mabishano makubwa yalikuwa ya magari ya wagonjwa: huduma ilikuwa mikononi mwa kampuni binafsi, wakazi wakalalamika kwamba wagonjwa wanasubiri muda mrefu, na baada ya vikao vingi iliamuliwa kwamba vikosi vya zimamoto viichukue kazi hiyo, jambo lililotekelezwa mwaka 2022. Nalitaja kwa sifa, kwa sababu linaonyesha kwamba pale ambapo chombo chenye mamlaka kinachaguliwa na watu, malalamiko ya watu hugeuka kuwa uamuzi.

Barabara za nje ni suala gumu zaidi. Majira ya baridi, Januari hadi Machi, wenye nyumba wanaoishi kaskazini mwa nchi hushuka kwa wingi, na barabara ya 441 na zile za kaunti namba 466 na 466A hujaa kiasi cha taa kuwaka kijani na kuzimika huku foleni haijasogea. Ndani ya mji mizunguko ya barabara inasaidia, ingawa dereva mzee aliyezoea taa maisha yake yote huingia pale kwa hofu, na aliye nyuma yake hukosa subira. Barabara kuu ya taifa namba 75 nayo imezidiwa. Jimbo lilikuwa na wazo la kuirefusha Turnpike kutoka Wildwood kuelekea kaskazini, mradi ambao ungepunguza msongamano na bila shaka kufungua ardhi zaidi, lakini uliahirishwa mwaka 2022 baada ya upinzani mkali wa wakazi wa vijiji. Miongoni mwa waliopinga ni watu wa Royal, kijiji kilicho karibu na Wildwood kilichoanzishwa na watu weusi waliotoka utumwani, ambacho tayari kilishapasuliwa na barabara ya 75 ilipojengwa. Msomaji Mwafrika anayetafuta nyumba The Villages afanye hima kupita Royal. Ukuaji wa wastaafu haufiki katika ardhi tupu. Unakuta watu, mashamba na makaburi.

Kuhusu maji, hofu ninaiona kuwa ya kweli lakini mara nyingine inaelekezwa vibaya. Watu hutazama viwanja vya gofu na kudhani maji ya kunywa yanamwagwa kwenye nyasi, kumbe sehemu kubwa ya umwagiliaji hutumia majitaka yaliyosafishwa na maji ya mvua yaliyokusanywa katika mabwawa. Jambo la kulitilia maanani zaidi ni ardhi yenyewe. Florida ya kati imekaa juu ya mawe ya chokaa yanayomeng'enywa na maji, na ardhi hutitia. Mwaka 2018 mtaa wa Calumet Grove ulipata mashimo kadhaa yaliyopasua nyumba na kuwalazimisha wenyewe kuhama. Anayenunua asome bima yake aone inasema nini kuhusu nyumba kutitia, kwa sababu bima ya kuporomoka kwa ardhi na bima ya uharibifu wote unaotokana na kutitia ni vitu viwili tofauti katika jimbo hilo.

Kuna kundi ambalo katika mabishano ya wakazi husikika kidogo, nalo ni wafanyakazi. Wauguzi, wapishi, wahudumu wa majumbani na mafundi wa mji huu, wakiwemo ndugu zetu, hawawezi kuishi katika mitaa yake ya wastaafu wakiwa na watoto, kwa sababu humo asiyefikisha miaka 19 haruhusiwi kuishi moja kwa moja. Kwa muda mrefu walitoka mbali kila asubuhi, na msongamano ambao wastaafu wanaulalamikia ulikuwa kwa kiasi fulani ni msongamano wa wale wanaowahudumia. Kampuni sasa imejenga Middleton, mtaa wa familia usio na masharti ya umri, pamoja na shule kwa watoto wa wafanyakazi. Naipongeza hatua hiyo bila kusita, ingawa ilikuja baada ya miongo kadhaa ya ujenzi.

Wakazi wenyewe wamegawanyika. Wa kaskazini walionunua zamani, ambao wengi wameshamaliza deni la hatifungani, wanasema waliambiwa mji una mwisho na wangependa waone mwisho huo. Wa kusini wanasema walionunua mapema wanataka kufunga mlango baada ya kuingia. Wapo wanaotetea ukuaji kwa hoja nzito, kwamba madaktari bingwa na maduka makubwa wasingekuja kwa watu elfu ishirini. Ninakubaliana nao kuhusu madaktari. Sikubaliani nao wanaposema ukuaji unajilipia wenyewe, maana mwaka 2019 bili ilipelekwa kwa kila mwenye nyumba katika kaunti, wakiwemo watu wa Royal na wakulima ambao hawatacheza gofu kamwe.

Kwa nani ninaupendekeza mji huu? Kwa wanandoa au mtu mmoja mwenye afya ya wastani, mwenye pensheni ya uhakika, anayependa kuwa na watu na ambaye hategemei kulea wajukuu nyumbani, kwani mtoto huruhusiwa kutembelea kwa jumla ya siku 30 tu kwa mwaka. Kwa familia zetu, ambazo bibi ndiye shule ya kwanza ya mjukuu, sharti hilo ni zito kuliko deni lolote. Anayeamua kununua ninamshauri aangalie nyumba zinazouzwa upya katika mitaa iliyo kati ya barabara ya 466 na ya 44, ambako deni la wilaya mara nyingi limeshapungua au kumalizwa, ujenzi umekwisha, na hospitali iko karibu zaidi kuliko kusini. Kabla ya kutia saini, aombe kwa maandishi namba ya wilaya ya nyumba hiyo, kiasi cha deni lililobaki, tozo ya matengenezo ya mwaka uliopita na ada ya kila mwezi itakayohamia kwake, kisha aende kwenye kikao kimoja cha wajumbe wa wilaya hiyo. Vikao viko wazi kwa umma, na asubuhi moja ya kusikiliza itamweleza mengi ambayo hayamo katika ziara ya basi inayoandaliwa na wauzaji.